Haidrenjia Zilizosogea Hadi Mlangoni

Nyinyi vijana mnaopanga miche kando ya lami pale Kenol, nimewaona mkimwagilia haidrenjia saa saba mchana, jua likiwa limewaka. Siku hiyo sikusimama kuwagombeza kwa sababu nilikuwa nachelewa kliniki ya magoti. Leo nimekaa, magoti yametulia, acha niwagombeze vizuri.

Haidrenjia ikilegea, usikimbilie ndoo. Tia kidole kwenye udongo kwanza. Ukikuta udongo umekauka, haya, ipe maji. Ukikuta umelowa na majani bado yamelala, ujue mizizi inaoza, na kila kikombe unachoongeza ni cha kuimaliza. Ile ya kawaida, yenye maua ya duara ya buluu ambayo zamani kila nyumba ya Nyeri ilikuwa nayo karibu na tangi la maji, inavumilia mengi. Ile nyingine haivumilii. Nyinyi wengi hamjaiona. Majani yake ni makubwa na yamekatika kingo kama majani ya mwaloni, na ua lake ni jeupe, refu, limesimama kama gunzi la mahindi. Mzee Gathogo, aliyenifunza kazi, aliiita mti wa ngozi, kwa sababu shina likikomaa gamba lake hubanduka vipande vyembamba vya rangi ya mdalasini, na ukipita karibu na sweta ya sufu unaondoka navyo begani.

Mzee Gathogo alikuwa ametunza bustani za Wazungu tangu ujana wake. Walipoondoka baada ya Uhuru, yeye alibaki na makasi yao na maneno yao machache ya hasira. Mwaka wangu wa kwanza nikiwa peke yangu nilizipogoa haidrenjia za mtu fulani mwezi wa Februari, nikitaka ziwe nadhifu kabla ya mvua. Mwaka ule hazikutoa hata ua moja. Mzee alikuja, akazizunguka, akaniambia nimefaulu kufuga mchicha mkubwa sana. Ndipo akanieleza kwamba ua la mwaka ujao linalala ndani ya tawi la mwaka huu, kwa hivyo unapogoa mara tu maua yanapoanza kukauka, halafu unaondoa mikono. Kosa lingine nilizika misumari yenye kutu ili maua yageuke rangi, kwa sababu nilisikia ati watu wanafanya hivyo. Kwa ile ya duara, kila mtu ana dawa yake ya rangi. Hii ya mwaloni haigeuki. Inaanza nyeupe, inaingia rangi ya waridi, inaishia kahawia, hata ukiizikia mabati ya nyumba nzima.

Kitu inachokubali ni kulazwa. Unachagua tawi la chini, unalikwaruza kidogo upande wa tumboni, unaliinamisha ndani ya mtaro mfupi, unalifunika kwa udongo na mboji, unaweka jiwe juu, ncha unaiacha nje ipumue. Ukirudi mvua nyingine, tawi limekuwa na mizizi yake. Unalikata kutoka kwa mama yake na unakuwa na miti miwili. Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Mwalimu Achieng, na yaliyotokea kule sijapata kuyaeleza yote, kwa sababu wenyewe walikuwa bado wako hai.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Mwalimu alikuwa amekuja kufundisha kwetu kutoka upande wa ziwa, na shule ilimpa nyumba ya zamani ya mbao, juu ya kilima ukielekea Tetu. Chini kabisa, kando ya ua wa miti ya Krismasi, kulikuwa na haidrenjia moja ya mwaloni iliyoachwa na waliohama. Ilikuwa kubwa kupita urefu wa mtu. Mumewe, Odera, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja aliyenunua ng'ombe kwa wafugaji wa Doldol na kuwaleta mjini. Odera nilimjua vizuri kabla ya kumjua mkewe. Akifika na lori aliniwekea samadi kwenye magunia, akinitania kwamba Wakikuyu tunapenda udongo kuliko watu.

Msimu mmoja mvua ilinyesha huko juu, lori likashuka kwenye korongo lililoonekana kavu, na maji yakalikuta katikati. Vijana wawili waliokuwa nyuma na ng'ombe walipatikana wamekufa siku zilizofuata, mbali sana. Odera hakupatikana. Watu wa kwao walingoja, wakatafuta, wakangoja tena. Mwishowe wakafanya kama desturi yao inavyotaka mtu asipoonekana mwili wake: wakachukua tunda refu, zito, la mti wanaouita yago, wakalilaza kaburini badala yake, wakalilia kama wanavyomlilia mtu. Mwalimu alikwenda na binti zake wawili, Atieno na mdogo wake, akalia, akarudi Nyeri kufundisha. Shemeji yake, Okoth, mtu mpole tu, alikuja baadaye kumweleza kwamba wazee wameamua yeye ndiye atakayemrithi mjane na kumtunza pamoja na watoto, na nyumba iko tayari kule kwao. Mwalimu akaomba amalize mwaka wa shule. Ulipoisha, akaomba mwingine.

Mimi aliniita wakati wa mvua ndefu, karibu mwaka mmoja baada ya mazishi hayo. Alitaka nilaze matawi ya ile haidrenjia, lakini yote upande mmoja, upande unaotazama nyumba. Nikamwambia ni afadhali tuyagawe pande zote, kichaka kisiinamie mahali pamoja. Akasema hapana, upande wa nyumba. Tena akasema maua yakikauka nisiyakate, niyaache yasimame. Nikafanya, kwa sababu bustani ni ya mwenyewe.

Julai yake ndipo nilipoanza kuona mambo. Mnajua Julai ya kwetu, ukungu unashuka mpaka huoni ndoo uliyoiweka chini sasa hivi. Katika baridi ile majani ya mwaloni yanageuka rangi ya damu iliyokauka. Asubuhi moja niliingia kwa lango la chini na jembe begani, nikaona mtu amesimama kando ya kichaka, koti la kijivu, kichwa kimeinama. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Hakujibu. Nikamsalimu kwa Kikuyu. Nikakaribia, na alikuwa si mtu, ni maua makavu yaliyolemewa na umande, yakiyumba. Nilijicheka. Nilipopanda jikoni nikamweleza Mwalimu ili naye acheke. Aliweka mwiko chini.

"Alikuwa amesimama upande gani?"

"Si mtu, Mwalimu. Ni maua."

"Nimesikia, Mama Wambui. Upande gani?"

Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kukoroga uji, na mimi sikutaka tena ule uji.

Alikuwa na mbwa anayeitwa Bosi, mkali sana, aliyewahi kumvua mchungaji wetu wa kanisa kipande cha suruali. Siku nyingine nilimkuta amelala kifudifudi mbele ya kichaka, masikio nyuma, mkia unapiga majani makavu chini. Ndani ya kichaka sikuona kitu. Mbwa alikuwa anatazama juu, kama wanavyotazama wanapotaka kukunwa. Nilichukua jembe langu nikaenda kulimia upande wa pili wa nyumba.

Halafu kulikuwa na matandazo. Nilikuwa nimetandaza maganda ya kahawa kuzunguka shina, kwa maana mizizi ya mti huu iko juujuu na haipendi baridi wala jua. Nikakuta yamelazwa mahali pamoja, kama ng'ombe alikuwa amelala hapo. Niliweka kiganja. Pande zote udongo ulikuwa baridi mpaka unauma vidole, na hapo palikuwa na joto. Nikajiambia ni Bosi. Bosi alikuwa amefungwa jikoni na nilimsikia akilia. Kando ya mahali hapo kulikuwa na vipande vya gamba vilivyosokotwa kuwa vikamba vidogo, vimelazwa kwa mstari. Upepo hausokoti kamba.

Nilimwambia Mwalimu kwamba nafikiri kuna mtu anaingia bustanini, pengine mwizi, tuzibe ua. Aliniomba nisizibe. Mvua iliyofuata akataka nihamishe machipukizi makubwa, yale yenye mizizi yake, niyapande mbele ya yale niliyolaza, karibu zaidi na nyumba. Na mvua iliyofuata tena, mbele zaidi. Watu waliopita njia ya juu waliona. Mwanzoni kichaka kilikuwa kando ya ua, halafu kikawa katikati ya nyasi, halafu kikawa karibu na kamba ya nguo. Hawakujua ni jembe langu linalokisogeza, kwa sababu nilifanya kazi asubuhi na ukungu, na nilipoulizwa nilinyamaza. Wakasema kichaka cha mjane kinatembea. Mama aliyeleta maziwa kutoka Tetu akaanza kuacha chupa langoni na kuondoka haraka. Kusema kweli mimi mwenyewe, niliyepanda kila mche kwa mikono hii, nilikuwa nikigeuza mgongo nasikia kama vitu vimesogea.

Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba. Hilo halikumkasirisha Mwalimu, aliwapikia chai. Lakini wiki iliyofuata akaja mzee mmoja wa kanisa, Ndirangu, na panga, akasema kwa upole kabisa kwamba amekuja kumsaidia Mwalimu, kama binti yake, kung'oa kitu kisichofaa. Mwalimu akatoka, akasimama mbele ya miti. Ndirangu akanitazama mimi, akitaka nimsaidie. Nilikuwa naogopa ile miti kuliko yeye. Lakini niliona uso wa yule mama, nikasema miche ni yangu, nimeiweka hapo mpaka ishike, na mtu hakati miche ya mwenzake. Mzee akafunga panga lake kwenye gunia na kwenda zake. Jumapili hakunisalimu.

Mwaka wa tatu Okoth alikuja tena. Safari hii hakuomba. Alisema Desemba shule zikifungwa atakuja na gari kubeba vitu na watoto, na Mwalimu kama anataka kubaki na ubao wake wa chaki, abaki. Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe, kwa sauti ya kawaida tu. Alipoondoka Mwalimu aliniita, akanipeleka ukutani kando ya mlango wa jikoni, akaniambia nipande hapo.

Hapo nilikataa. Nyumba haikuwa na mfereji wa paa, maji yote ya mvua yalimwagika hapo hapo. Nilimweleza mti utaoza kabla ya Krismasi, na ukuta wa mbao nao utaoza. Alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushikashika.

"Panda, Mama Wambui. Sina mvua nyingine ya kungoja."

Basi nilichimba shimo kubwa kuliko kawaida, nikajaza chini matofali yaliyovunjika na kokoto, nikatoa mtaro wa kupeleka maji mbali, nikainua udongo juu kama kaburi dogo. Nilihamisha mti mkubwa na bonge lake la udongo, tukiukokota juu ya gunia, mimi na yeye. Vijana, mkilazimishwa kupanda mahali penye maji, fanyeni hivyo. Mti ule ulishika. Majani yake yalifika kwenye kizingiti.

Asubuhi ya likizo ya Agosti nilikuja mapema kuondoa maua yaliyovunjwa na mvua. Watoto walikuwa bado wamelala. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba ilionekana paa tu. Niliposogea nikamwona Bosi amelala mbele ya mti wa mlangoni, mkia ukipiga udongo polepole. Nikasimama nilipokuwa. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mwalimu alitoka na beseni na birika la maji ya moto, mvuke ukipanda. Aliweka beseni chini mbele ya mti. Akainama na birika mkononi, macho yake yakitazama pembeni, kwenye ukuta, kama unavyomnawisha mgeni mkubwa kabla ya kula. Akangoja hivyo, ameinama. Sijui alingoja muda gani. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye paa.

Kisha mikono miwili ikatoka katikati ya majani.

Ilikuwa myembamba, kucha zimepasuka, mkono mmoja una kovu jeupe mpaka kwenye kiwiko. Ilikaa juu ya beseni, viganja juu. Mwalimu akaimiminia maji. Ikajisugua. Akaimiminia tena.

"Chakula kiko mezani, Baba Atieno," Mwalimu alisema, bado akitazama ukuta.

Matawi yakafunguka na mtu akatoka, mrefu, koti la kijivu la wachunga ng'ombe, gamba la mti limemshika nywele na mabega. Akaingia ndani akiinamisha kichwa. Mbwa akamfuata. Mwalimu alimwaga maji ya beseni kwenye mtaro wangu, ndipo akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akafunga mlango.

Mambo mengine nilijua baadaye, mengine kwake, mengine kwa Odera mwenyewe, aliyekuwa ameacha kuongea sana. Maji yalikuwa yamemtupa ukingoni, mkono umevunjika, na wafugaji wakamtunza. Fahamu zilipomrudia aliuliza habari za wale vijana wawili, akaambiwa. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Akaona hawezi kusimama mbele ya mama zao. Akabaki akichunga. Halafu sokoni Doldol akakutana na mtu wa kwao ambaye hakumtambua na ndevu zile, akamsikia akieleza namna dereva Odera alivyozikwa. Baada ya hapo, aliniambia, alikuwa akijiona hana haki ya kugonga mlango wowote. Lakini wafanyabiashara walimpa kazi ya kuswaga ng'ombe hadi mjini, na kila alipofika Nyeri alipanda kile kilima asubuhi, akasimama ndani ya kichaka mpaka watoto wake watoke kwenda shule.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakumwita tu, badala ya kunichosha mimi na jembe miaka mitatu. Akasema alimwita, Julai ya kwanza baada ya mazishi, kabla hajaniita mimi. Alimjua kwa kukohoa. Alimwita kwa jina lake, naye akakimbia kama swara aliyepigwa jiwe, na hakurudi karibu mwaka mzima. Katika mwaka huo aliamua hatamwita tena. Atamletea mahali pa kusimama, kila mara karibu kidogo.

Msifikiri kila kitu kilikuwa kizuri baada ya hapo. Binti mdogo alilia kwa wiki mbili kila alipomwona mezani. Okoth alipokuja Desemba na gari lake alimwona kaka yake uani akipasua kuni, akarudi ndani ya gari na kufunga vioo, ikabidi Mwalimu aende kuongea naye kupitia dirishani. Wazee wa kwao walikuwa na taratibu zao za kufanya kabla mtu aliyekwisha kuzikwa hajaingia boma la baba yake. Sikuzielewa zote na si zangu kuzieleza. Lililokuwa gumu kwa Odera kuliko hilo ni safari ya kwenda kwa zile familia mbili. Alikwenda. Mkewe alikwenda naye. Mama mmoja alimpa kiti na chai, yule mwingine hakutoka nyumbani mwake, na Odera alikaa nje ya lango lake mpaka jioni, akaondoka.

Hapa kwetu watu walichukua muda kumpa mkono. Mimi nilimpa siku ile ile, kwa sababu nilitaka kujua. Ulikuwa baridi, lakini ni baridi ya mtu aliyetoka nje. Nilimuuliza anaonaje kazi yangu. Akafikiri, akasema miti ni mizuri ila siafu ni wengi mno, na kile kichaka cha katikati nilikipanda na mawe ndani, kilimuumiza mgongo msimu mzima. Mteja mwingine yeyote hajawahi kunilalamikia akiwa upande huo wa mmea.

Aliishi na watu wake miaka mingi. Alipika jikoni mwa shule, hakushika tena usukani. Wakati wa ukungu alikuwa anatoka nje, unamkuta amesimama kando ya kamba ya nguo, kimya, mikono imening'inia, na ukimsalimu inabidi umsalimu mara mbili. Wapita njia wapya walishtuka. Sisi wengine tulizoea, karibu.

Alifia kitandani, mkewe ameketi hapo. Mwalimu aliniomba niwasindikize nyumbani kwao, na nikaenda, mara yangu ya kwanza kuona ziwa. Kaburi lilikuwa lile lile la tunda. Walilifukua wakamlaza humo. Nilikuwa nimebeba miche miwili ya haidrenjia ile ya mwaloni ndani ya kopo, nimeilaza mwenyewe, ingawa nilijua joto la kule hailipendi. Watu walipoanza kutawanyika nilipiga magoti nikaanza kuchimba upande wa kichwani. Mwalimu Achieng akaja, akaninyang'anya kijembe taratibu, akanisaidia kuinuka.

"Hapa usipande kitu," aliniambia. "Sasa akae."